MTOTO WA MFANYAKAZI NA SHULE YA BIASHARA

Ndugu wafanyakazi,

Katika mkutano wa tawi letu la mashamba ya miwa, huku Busoga, kijana mmoja alisimama akaomba jambo ambalo halijapata kuombwa katika mikutano yetu. Hakuomba buti wala glavu, wala hakumlalamikia nyapara. Aliomba tawi limwandikie barua ya kumsaidia kupata nafasi katika shule ya biashara, ili asome shahada ya pili ya uongozi wa biashara, ile inayoitwa MBA. Watu wakacheka. Mzee mmoja tunayemheshimu akamwambia, "Mwanangu, wenye alama nzuri wenyewe wanahangaika mjini. Wewe uliyepita kwa kuchechemea utapokewa na nani?" Kijana akajibu, "Mzee wangu, sijui nitapokewa na nani. Ninachojua ni kwamba nisipoomba sitapokewa na yeyote." Akaketi.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa meza ya mbele, na tunakiri kwamba tulicheka pamoja na wengine. Leo tunaandika ili kusema kwamba kicheko kile kilikuwa kosa. Tena tunaandika kwa sababu kijana yule si peke yake. Katika kila kambi ya wafanyakazi, hapa Uganda na kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania, wako watoto wetu waliosoma chuo kikuu kwa taabu, wakatoka na shahada yenye alama mbovu, kisha wakaificha sandukuni kama mtu anayeficha ugonjwa. Tunataka waitoe.

ALAMA ZILIPATIKANAJE?

Kwanza tueleze alama zenyewe, maana wengi wetu tuliishia darasa la saba na mambo haya tunayasikia kwa mbali. Katika vyuo vingi vya hapa Uganda mwanafunzi hupewa wastani kwa hesabu ya 5. Mwenye 4.4 na zaidi ana daraja la kwanza. Mwenye 3.6 ana daraja la pili la juu, na mwenye 2.8 ana daraja la pili la chini. Aliye chini ya hapo mpaka 2.0 amepata pasi tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho huhesabu kwa 5, na mpaka wa daraja la pili la chini huko ni 2.7. Kijana wetu alipata 2.6. Ni pasi.

Sasa sikilizeni jinsi hiyo 2.6 ilivyopatikana. Mwaka wa kwanza alipata 2.9, si mbaya. Mwaka wa pili baba yake, mkata miwa, aliumia mguu kazini, na ada ikakosekana. Kijana akarudi nyumbani akaingia kinuni kama kibarua wa zamu ya usiku. Alikuwa akitoka kazini alfajiri, anapanda matatu kwenda Kampala kufanya mtihani, anarudi jioni kuingia zamu. Mwaka ule alipata 1.6, na mitihani kadhaa akairudia. Mwaka wa tatu, baba alipoweza kutembea na ada ikapatikana kwa kuuza ng'ombe, alipata 3.4. Changanyeni miaka mitatu, gawanyeni kwa tatu, mtapata 2.6 na kitu.

Wastani husema kweli, lakini hausemi kweli yote. Mtu aliyeanza na 3.4 akaporomoka mpaka 1.6 anaweza kuwa na wastani ule ule wa mtu aliyeanguka kisha akapanda. Mmoja anashuka mlima na mwingine anaupanda, nao wamekutana njiani mahali pamoja. Wazee walisema kuteleza si kuanguka. Kazi ya mwombaji ni kuionyesha shule kwamba yeye aliteleza, na baada ya kuteleza alisimama.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA?

Wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina haja gani na shule za mabwana? Tutawajibu kwa yaliyotupata.

Katika mazungumzo ya mishahara yaliyopita, mwajiri mmoja alileta karatasi za hesabu zinazoonyesha hasara. Upande wao waliketi wahasibu wawili. Upande wetu tuliketi sisi na madaftari yetu. Walipotaja hasara tukanyamaza, maana mtu hawezi kubishana na karatasi asiyoweza kuisoma. Tukaomba siku mbili. Usiku ule tulimpelekea kijana yule yule karatasi zile. Siku hizi yeye ni karani wa stoo ya vipuri.

Akatuonyesha mstari mmoja ulioandikwa uchakavu wa mitambo. Akasema, "Wazee, kiwanda kikinunua mtambo kwa shilingi milioni 100, na mtambo ukakadiriwa kudumu miaka 10, wahasibu huandika gharama ya milioni 10 kila mwaka. Huu si uongo. Mtambo unachakaa kweli na siku moja utataka kubadilishwa. Lakini zile milioni 10 hazikutoka mfukoni mwaka huu. Kwa hiyo ulizeni: mkiacha uchakavu, fedha zilizoingia zilizidi zilizotoka au hazikuzidi?" Akatuonyesha mstari mwingine, ada ya usimamizi inayolipwa kwa kampuni mama. Akasema, "Na hapa ulizeni ada hii imepangwa na nani, na kwa kipimo gani."

Tuliporudi mezani tukauliza maswali hayo mawili. Hatukupata yote tuliyotaka, na hatutaki kuwadanganya wanachama. Lakini kwa mara ya kwanza wale wahasibu walitazamana kabla ya kujibu, na mazungumzo yakawa mazungumzo.

Ndiyo sababu tunasema jambo hili ni letu. Tena si jambo geni katika historia ya wafanyakazi. Ruskin College ya Oxford ilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi ambao milango ya vyuo vikuu ilikuwa imefungwa kwao. Tom Mboya wa Kenya, aliyesomea ukaguzi wa afya na hakuwa na shahada ya chuo kikuu, alikwenda huko mwaka 1955 akasomea uongozi wa viwanda. Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilianza mafunzo ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi mwaka 1942. Hapa Kampala penyewe palifunguliwa mwaka 1958 chuo cha kuwafundisha viongozi wa vyama vya Afrika. Mwaka 1961 Tanganyika ikafungua Chuo cha Kivukoni, kwa mfano wa Ruskin. Waliotutangulia hawakuziogopa hesabu za waajiri. Walizifuata zilipokuwa.

SHULE HUTAZAMA NINI?

Baada ya mkutano ule tuliketi na kijana, tukawauliza walimu na watu waliopita njia hiyo. Tuliyoyapata tunayatoa hapa kwa faida ya wote.

Jambo la kwanza ni kusoma masharti kabla ya kulipa chochote. Shule hazifanani. Iko shule iliyoweka kizingiti, kwamba mwombaji awe na daraja la pili la chini au zaidi, na hapo mwenye pasi akipeleka fomu peke yake anatupa fedha za maombi. Iko shule inayompokea mwenye pasi endapo ataonyesha kwamba baada ya shahada alisoma zaidi, kwa mfano stashahada ya uzamili, au kwamba ana uzoefu wa kazi unaotosha. Na ziko shule, hasa za Marekani na Ulaya, ambazo hazina kizingiti cha alama bali hutangaza wastani wa waliopokewa. Hapo vijana wengi hukosea. Wastani wa waliopokewa si kizingiti. Ukiwapima urefu watu wa zamu moja ukapata wastani, lazima wapo walio chini yake.

Kama shule iko nje, usijigeuzie alama mwenyewe. Huko Marekani wengi huhesabu kwa 4, sisi tunahesabu kwa 5. Andika kama chuo chako kilivyoandika, na kipimo chake ukitaje. Mtu akijigeuzia na kukosea, ataonekana mdanganyifu hata kama hakukusudia.

Jambo la pili ni mtihani. Shule nyingi za nje, na baadhi za kwetu, hutaka mtihani uitwao GMAT au ule uitwao GRE. GMAT ya sasa, iliyoanza mwishoni mwa 2023, ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha, na kusoma takwimu. Alama zake huanzia 205 mpaka 805, na hudumu miaka mitano. Hesabu zake ni zile za shuleni, si za wataalamu wa roketi, ila zinataka wepesi na mazoezi ya miezi. Kwa mwenye shahada dhaifu mtihani huu ni rafiki, kwa sababu ni kipimo kipya. Hauulizi ulipata nini ulipokuwa na miaka 20, unauliza unaweza nini leo. Lakini ada yake ni zaidi ya dola 200, mshahara wa miezi mingi kwa mkata miwa. Kwa hiyo mtu asiufanye kwa kujaribu bahati. Ajifunze kwanza, ajipime kwa mitihani ya mazoezi, ndipo alipe.

Jambo la tatu ni masomo ya baada ya shahada. Bodi za wahasibu zipo kwetu sote: Kenya tangu 1969, Tanzania tangu 1972, Uganda tangu 1992. Mitihani yao hufanywa somo kwa somo, na mtu anaweza kusoma huku akiendelea na kazi. Aliyeanguka hesabu chuoni kisha akafaulu masomo ya uhasibu, amejibu swali la shule kabla halijaulizwa. Na hata shule zote zikimkataa, uhasibu anao, na chama kimepata mtu wa kusoma karatasi.

Jambo la nne ni kazi. Hapa ndipo watoto wa wafanyakazi wanapojidharau bure. Kijana wetu aliandika katika fomu yake, "Karani wa stoo," basi. Tukamwuliza, "Ulifanya nini humo stooni?" Akaeleza kwamba alipoingia alikuta beringi zikiagizwa upya wakati makasha matatu yamelala nyuma ya rafu bila mtu kujua, na kinu kikisimama kwa kukosa mkanda ambao ulikuwamo. Akatengeneza kadi kwa kila kipuri, ya kuonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na akaweka alama ya kiasi ambacho kikifikiwa lazima kuagiza. Tukamwambia, "Andika hayo." Huo ndio uongozi wa biashara wenyewe, ila umefanywa na mtu mwenye ovaroli.

Jambo la tano ni barua za mapendekezo. Watu wetu hudhani barua nzuri ni ya mkubwa. Wanamfuata mbunge au diwani asiyewajua, naye anaandika kwamba huyu ni raia mwema. Barua hiyo haina uzito. Barua ya fundi mkuu aliyeona zile kadi za stoo zikianza, anayeweza kusema kinu kilisimama mara ngapi kabla na mara ngapi baada, ina uzito kuliko ya mkubwa. Na barua ya chama chenu, ikieleza mlichokiona kwa macho yenu, ni barua halali. Katibu wa tawi asione haya kuiandika.

KUSEMA KWELI

Sasa tunafika mahali pagumu. Wakati tunahangaika na mambo haya, kijana alikuja kwetu usiku mmoja akatuambia kwamba mjini Kampala amempata mtu wa kuchapa karatasi mpya ya matokeo. Ile 1.6 ingegeuka 3.1, muhuri ungekuwapo, sahihi ingekuwapo. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ada ya mtihani. Akasema, "Wazee, si kwamba mimi ni mwizi. Mwaka ule nilikuwa ninalea nyumba. Karatasi ile inanionea."

Hatukumfukuza. Tulimwambia hivi, na tunawaambia wote. Shule huandikia chuo ulichotoka kuuliza. Ukikamatwa leo, mlango mmoja umefungwa. Ukikamatwa baada ya miaka kumi ukiwa na cheo, milango yote imefungwa, na pengine wa jela umefunguliwa. Na zaidi ya hayo, sisi tunaodai mwajiri atuletee hesabu za kweli, tutamtazamaje usoni siku atakapojua kwamba msomaji wetu wa hesabu amechapisha za kwake uchochoroni?

Akaiacha. Badala yake akaandika maelezo mafupi, maana shule nyingi humpa mwombaji nafasi ya kueleza jambo lisiloonekana katika karatasi. Mara ya kwanza aliandika kurasa tatu za kilio: mguu wa baba, ng'ombe, walimu wasio na huruma, matatu iliyoharibika njiani. Tukamwambia apunguze. Mwisho akabaki na maneno haya:

"Mwaka wa pili matokeo yangu yalianguka kwa sababu nilikuwa nikifanya kazi ya usiku kiwandani baada ya baba yangu kuumia. Nilipaswa kuomba ruhusa ya kuahirisha masomo, sikuomba. Hilo lilikuwa kosa langu. Mwaka wa tatu nilirudi darasani kikamilifu, na matokeo yanaonekana. Tangu hapo nimefanya kazi ya stoo, na nimeanza masomo ya uhasibu."

Yametosha. Yanasema lililotokea, yanasema kosa lake mwenyewe, yanasema kilichobadilika, na yanaonyesha ushahidi. Hayamlaumu mwalimu wala hayaombi kuhurumiwa.

Na wewe ambaye ulianguka si kwa sababu ya baba kuumia bali kwa sababu ya pombe, au mpira, au usingizi, usiazime msiba wa mwenzako. Sema, "Nilikuwa mchanga, nikazembea," kisha onyesha miaka uliyofanya kazi bila kuzembea. Mzembe aliyebadilika anaaminika kuliko mwenye visingizio.

NI WAJIBU WA NANI?

Hatutaki kumtwisha kijana mzigo wote. Waajiri wanaosema hawapati Waafrika wa kuongoza viwanda wawape wafanyakazi wao ruhusa ya siku za mitihani, na iandikwe katika mkataba, isiwe hisani ya meneja. Shule zenyewe ziandike waziwazi kwamba mwenye pasi anapokewa au hapokewi, na kwa masharti gani, ili mtoto wa kibarua asilipe ada ya maombi kwa kukisia. Na vyama vya akiba na mikopo vya matawi yetu, ambavyo hukopesha harusi na mazishi bila kuuliza maswali mengi, vione kwamba ada ya mtihani nayo ni haja ya mwanachama.

Mzee wetu wa mkutanoni ana hofu nyingine, na ni hofu ya haki. Anasema, "Tutamsomesha, kesho atakaa upande ule wa meza." Inawezekana. Hatuna kamba ya kumfunga mtu, na chama si zizi. Lakini tumeona meneja aliyewahi kukata miwa, na tumeona meneja ambaye hajui hata panga linavyoshikwa. Tukilazimika kuchagua wa kuketi mbele yetu, tunamjua tunayemtaka. Na wasomi wakiwa wengi katika watoto wetu, hawatahama wote.

Kijana aliomba shule mbili. Ya kwanza ilimkataa kwa barua ya mistari minne, kwa kuwa ina kizingiti, nasi ndio tulioharakisha bila kusoma masharti vizuri. Ya pili ilimwita kwa mahojiano. Wakamwuliza juu ya ile 1.6 kabla hajaketi vizuri. Akawajibu yale yale aliyoyaandika, kisha wakamwuliza juu ya kadi za stoo, na hapo, anasema, walikaa muda mrefu zaidi. Hawakumpa MBA. Walimpa nafasi ya stashahada ya uzamili kwa mwaka mmoja, kwamba akifaulu vizuri aombe tena. Sasa yuko darasani mwisho wa juma, na siku nyingine yuko stooni.

Mzee aliyecheka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchanga nauli. Alisema, "Mwanangu, nilikosea. Lakini ukifeli tena, nitacheka mara mbili." Kijana akacheka naye.

Ndugu wafanyakazi, mwenye mtoto aliyeficha shahada yake sandukuni amwambie aitoe. Aje nayo kwenye ofisi ya tawi lolote, pamoja na karatasi ya matokeo ya kila mwaka, si wastani peke yake. Tutaketi naye, tutasoma mwaka kwa mwaka, na tutaona alipoteleza na aliposimama. Baada ya hapo tutaandika barua.

Umoja wa wafanyakazi udumu.